Waliosema "Subirini Kwanza"



Wapendwa waamini, tafakari yetu ya juma hili inatokana na neno tulilolisikia mara nyingi mno, likisemwa kwa upole na kwa nia njema, neno ambalo sisi wenyewe, tusijifiche, tumelitamka tukiwa mbele ya madhabahu. Neno lenyewe ni hili: mtu wa Mungu hapigi kelele. Anayeonewa na avumilie, na aombe, na awaachie wakubwa. Likihitajika pambo la kulitia uzito, huletwa jina la Martin Luther King, yule mchungaji wa Kibaptisti wa Marekani, kana kwamba alikuwa mtu mpole tu aliyepanda jukwaani siku moja, akasimulia ndoto yake, watu wakapiga makofi, na ubaguzi wa rangi ukaisha.

Picha hiyo si ya kweli. Tena inatuhusu sisi makleri kuliko mtu mwingine yeyote, kwa sababu watu wa kwanza kumwambia King atulie na asubiri, katika saa ile iliyokuwa ngumu kuliko zote, walikuwa viongozi wa dini. Na mmoja wao alikuwa askofu wetu, Mkatoliki.

Tuirudie Ijumaa Kuu ya mwaka 1963, tarehe 12 Aprili, katika mji wa Birmingham, jimbo la Alabama. Katika mji ule Mweusi na Mzungu hawakunywa maji bomba moja, hawakuketi kaunta moja ya chakula, na katika maduka makubwa Mweusi alikaribishwa kutoa fedha yake lakini si kujaribu nguo chumbani. Mabomu yalitegwa mara nyingi kwenye nyumba za Weusi, hata mji ukapewa jina la utani la kuufananisha na mabomu. Mchungaji Fred Shuttlesworth, aliyeongoza mapambano pale miaka mingi kabla King hajafika, nyumba yake ililipuliwa usiku wa Krismasi ya mwaka 1956 naye akiwa ndani. Alitoka hai. Mwaka uliofuata alijaribu kuwaandikisha binti zake katika shule ya Wazungu, akapigwa na kundi la watu mchana kweupe.

Maandamano na mgomo wa kutonunua vilianza tarehe 3 Aprili. Wakati huo haukuchaguliwa kwa kubahatisha. Kwa wenye maduka wa Birmingham, majuma ya kuelekea Pasaka yalikuwa ya pili kwa mauzo katika mwaka mzima, baada ya Krismasi. Familia za Weusi ziliamua kwamba Pasaka ile watoto hawatavaa nguo mpya. Sisi tunaojua mama zetu wanavyojinyima miezi mingi ili mtoto apate gauni la sikukuu, tunaelewa kwamba kile hakikuwa kitu kidogo. Ndivyo wanyonge walivyougusa mfuko wa mwenye nguvu bila kumgusa yeye hata unywele.

Tarehe 10 Aprili mahakama ya jimbo ikapiga marufuku maandamano. Fedha za dhamana nazo zikawa zimekwisha. Asubuhi ya Ijumaa Kuu King alikuwa katika hoteli ya Gaston pamoja na wenzake, wakigawanyika katika shauri. Wengine walisema akafungwe kama alivyoahidi. Wengine walisema abaki nje atafute fedha, kwani mamia walikuwa jela tayari wakimtegemea. Mwenzake wa karibu, Ralph Abernathy, alitamani kuwa kanisani kwake siku ya Pasaka, na mapadre wenzetu wataielewa tamaa hiyo bila kuelezwa. Ni mchungaji gani atakayependa kuwaacha kondoo wake asubuhi ya Ufufuko? King alijitenga chumbani peke yake, akasali, akatoka amevaa nguo za kazi, za kitambaa kigumu cha jinzi. Akamwomba Abernathy waende pamoja. Alasiri wakakamatwa, na King akawekwa katika chumba cha peke yake.

Siku hiyohiyo viongozi wanane wa dini, wote Wazungu, walitoa tamko magazetini. Ndani yake walikuwamo maaskofu wa Kianglikana na wa Kimethodisti, mchungaji wa Kipresbiteri, mchungaji wa Kibaptisti, rabi wa Kiyahudi, na Joseph Durick, Askofu Msaidizi wa Jimbo Katoliki la Mobile-Birmingham. Walisema maandamano hayana busara na wakati wake haujafika. Waliwasihi Weusi wa mji ule wayaache, wazitumie mahakama na mazungumzo. Waliwapongeza polisi kwa utulivu wao.

Hapa tunapaswa kutenda haki, maana ubishi usio na haki ni masengenyo tu. Wanane hao hawakuwa watu wabaya. Miezi mitatu nyuma, wengi wao walikuwa wametoa tamko la kuwataka Wazungu wa Alabama watii amri za mahakama za kuondoa utengano, na kwa tamko hilo walitukanwa na watu wao. Yule mchungaji wa Kibaptisti, Earl Stallings, aliwafungulia Weusi mlango wa ibada ya kanisa lake, jambo lililomgharimu mbele ya waumini wake. Walikuwa pia na hoja: mji ulikuwa umetoka kumchagua meya mpya, Albert Boutwell, aliyemshinda Bull Connor, yule kamishna katili aliyesimamia polisi. Kwa nini msimpe nafasi kwanza? Hata leo ukilisoma tamko lile, unasikia sauti ya watu wastaarabu. Unasikia, tukiri tu, sauti yetu sisi.

Kosa lao lilikuwa mahali pengine. Waliiita amani ile hali ya mji kabla ya maandamano. Kwao fujo ilianza siku Weusi walipoingia barabarani, lakini bomu la Krismasi kwenye nyumba ya Shuttlesworth lilikuwa tukio la kusikitisha. Hawakuona kwamba aliyeandamana ndiye aliyeileta nje fujo iliyokuwa imefichwa ndani, kama tabibu apasuaye jipu ambalo yeye hakulisababisha.

Neno "subirini" nalo lilikuwa limekwisha kujaribiwa. Mahakama ya Juu ya Marekani iliharamisha utengano katika shule za serikali mwaka 1954, na ilipofika 1963 shule za Birmingham zilikuwa bado zimetengwa. Mwaka 1962 wenye maduka waliahidi kuondoa vibao vya "Wazungu tu". Vibao vikaondolewa, siku zikapita kidogo, vikarudi. Kampeni yenyewe ya King iliahirishwa kwa sababu ya uchaguzi ule wa meya. Na Boutwell, yule waliyetakiwa kumpa nafasi, naye aliamini katika utengano. Tofauti yake na Connor ilikuwa ya adabu kuliko ya imani. Walisubiri, basi. Hakuna aliyewazidi kusubiri.

King aliandika jibu lake gerezani, akianzia kwenye pambizo za gazeti kwa sababu hakuwa na karatasi. Barua hiyo ina tarehe 16 Aprili 1963. Sisi Wakatoliki hupenda sana mahali anapowasifu viongozi Wakatoliki wa Alabama kwa kuwapokea wanafunzi Weusi katika Chuo cha Spring Hill, cha Wajesuiti, kilichoko Mobile. Tunapasoma pale kwa fahari. Lakini sentensi hizo ni mapumziko mafupi tu njiani, na yaliyo kabla na baada yake ni makali. Anasema kwa masikitiko kwamba amekata tamaa karibu kabisa na Mzungu wa msimamo wa kati, mpenda utaratibu kuliko haki, kuliko alivyowahi kukata tamaa na adui wa wazi. Kisha analigeukia Kanisa, analieleza kama mtu anayemlilia mama yake.

Baadhi yetu tutauliza: padre, mbona unachochea? Je, Bwana hakutufundisha kugeuza shavu la pili? Alitufundisha. Lakini mtu hawezi kugeuza shavu huku amekwisha kukimbia. Anayegeuza shavu amebaki pale pale mbele ya aliyempiga, anamtazama usoni, hainui mkono na hatoki. Ndivyo walivyofanya wale. Watu wa kujitolea wa Birmingham walitia sahihi kadi yenye amri kumi, na ya kwanza iliwataka kutafakari kila siku mafundisho na maisha ya Yesu. Kabla ya kupelekwa barabarani walipimwa. Aliyeonekana hataweza kujizuia akitukanwa au kupigwa hakufukuzwa. Alipewa kazi nyingine, ya simu, ya chakula, ya kubeba ujumbe. Tumeona vyama vya kitume vichache, katika parokia zetu, vyenye malezi ya namna hiyo.

Na mafunzo yalikuwa magumu. Katika mji wa Nashville, Mchungaji James Lawson, aliyewahi kuishi India akijifunza njia ya Gandhi, alikuwa akiwakusanya wanafunzi wa vyuo tangu mwaka 1959. Waliigiza yatakayowapata. Mmoja aliketi, wengine wakamtukana, wakamvuta kutoka kitini, wakampulizia moshi wa sigara usoni, naye akajifunza kulinda kichwa bila kurudisha pigo. Mwezi Februari 1960 walikwenda kuketi kwenye kaunta za chakula za katikati ya mji wakiwa na vitabu vyao vya masomo. Walipigwa, na waliokamatwa walikuwa wao, si waliowapiga. Kundi moja lilipoondolewa na polisi, jingine lilikuja likaketi kwenye viti vilevile.

Aliyekuwa mbele pale ni msichana wa miaka 21, Diane Nash, mzaliwa wa Chicago aliyelelewa katika imani yetu Katoliki na ambaye utotoni aliwahi kuwaza kuwa mtawa. Tarehe 19 Aprili 1960 nyumba ya wakili wa wanafunzi hao ililipuliwa. Maelfu waliandamana kimya hadi kwenye jumba la manispaa. Hapo Nash alimuuliza meya, mbele ya watu wote, kama yeye binafsi anaona ni haki kumbagua mtu kwa rangi ya ngozi yake. Meya akajibu kwamba si haki. Tarehe 10 Mei kaunta za kwanza zikafunguliwa kwa wote. Mwaka uliofuata, wasafiri wa mabasi waliopinga utengano walipopigwa na basi lao kuchomwa moto huko Alabama, wakubwa walitaka safari zisitishwe. Nash akapeleka kundi jipya kutoka Nashville. Alipoonywa kwamba watu watakufa, alieleza kwamba wanafunzi wake walikuwa wamekwisha kuandika wosia usiku uliotangulia. Tunawaomba wanaosema njia hii ni ya waoga waitafakari habari hiyo kabla ya kurudia maneno yao.

Tumefika kwenye uongozi, na hapa tuna ugomvi wa pili. Tumezoea kulitaja jina moja, na kwa kulitaja tunajipumzisha: Mungu atamleta mtu, nasi tutapiga makofi. Huko Montgomery, mji ambao mgomo wake wa mabasi ulimtoa King gizani, hayakuanza hivyo. Mwezi Machi 1955 binti wa miaka 15, Claudette Colvin, alikataa kumpisha Mzungu kiti, akakamatwa. Tarehe 1 Desemba akakamatwa Rosa Parks. Usiku uleule mwalimu wa chuo, Jo Ann Robinson, aliingia ofisini na wasaidizi wachache, wakaisukuma mashine ya kudurufu hadi alfajiri, wakatoa makumi ya maelfu ya vipeperushi vya kuwataka watu wasipande basi siku ya Jumatatu. King alikuwa na miaka 26, mgeni mjini. Alichaguliwa kuwa mwenyekiti jioni ya Jumatatu hiyo, watu wakiwa wamekwisha kutembea kwa miguu tangu asubuhi. Mgomo ulichukua siku 381. Wafanyakazi wa ndani, wapishi na wafua nguo walitembea jua na mvua, na hakuna aliyeandika majina yao wote.

Kwa hiyo uongozi ulikuwa nini? King alifanya jambo ambalo wengi wetu tunalikwepa: alikubali kuwa wa kwanza kulipa. Nyumba yake ilipopigwa bomu, tarehe 30 Januari 1956, mkewe na mtoto mchanga wakiwa ndani, watu walikusanyika na silaha mikononi. Yeye alitoka barazani akawarudisha makwao. Ukiwa na haki ya kusema "kalipizeni" na ukasema "nendeni nyumbani", hapo umeongoza. Sisi tumezoea kiongozi anayetambulika kwa benchi la mbele na kiti cha plastiki chenye kitambaa.

Tusiwafiche waamini yaliyo magumu. Tarehe 2 Mei 1963, waandamanaji wazima walipopungua Birmingham, watoto wa shule waliitwa barabarani. Walijaza jela kwa mamia. Kesho yake Connor aliwaachia mbwa wa polisi na mipira ya maji ya zimamoto, maji yenye nguvu ya kumwangusha mtu mzima, na picha zake zikaenea dunia nzima. Je, ilikuwa halali kuwatoa watoto? Malcolm X alilaumu, na hakuwa peke yake. Sisi wenyewe hatuna wepesi katika swali hili. Tunawabatiza watoto, tunawazika pia, na hatuwezi kulijibu kwa kuinua mabega. Tunaona tu kwamba watoto wale walikuwa ndani ya ubaguzi tangu kuzaliwa, na hakuna aliyewahi kuwauliza wazazi wao kama ni halali. Tarehe 10 Mei wafanyabiashara walikubali kuondoa utengano katika kaunta, vyoo na vyumba vya kujaribia nguo. Tarehe 15 Septemba, siku ya Jumapili, bomu liliwaua wasichana wanne katika kanisa la Kibaptisti la Mtaa wa 16: Addie Mae Collins, Cynthia Wesley, Carole Robertson na Denise McNair, ambaye alikuwa na miaka 11. Mtu wa kwanza kuhukumiwa kwa mauaji hayo alihukumiwa mwaka 1977, na wa mwisho mwaka 2002. Anayehubiri kwamba njia ya kutotumia mabavu ni njia rahisi, na awasomee watu majina hayo manne.

Sasa turudi nyumbani kwetu, ndani ya Mama Kanisa. Mwaka 1947 Askofu Mkuu Joseph Ritter wa St. Louis aliamuru shule zake zipokee watoto wote, na wazazi Wazungu waliotaka kumshitaki aliwaonya kwamba watatengwa na Kanisa. Hakusubiri mahakama. Huko Selma, Alabama, tarehe 7 Machi 1965, waandamanaji wapatao 600 walipigwa kwa virungu darajani. Majeruhi walipelekwa Hospitali ya Good Samaritan, ya Wakatoliki, ambako masista waliwauguza. Siku tatu baadaye masista kutoka St. Louis walitokea barabarani wamevaa mavazi yao ya kitawa, na miongoni mwao Sista Mary Antona Ebo, Mweusi, ambaye katika ujana wake alikuwa amenyimwa nafasi ya kusomea uuguzi kwa sababu ya rangi yake. Haya tunayasimulia kwa furaha.

Lakini askofu wa mahali, Thomas Toolen, alisema hadharani kwamba mapadre na watawa waliokuja kuandamana wangebaki makwao wafanye kazi ya Mungu. Na Padre Maurice Ouellet, paroko wa Weusi wa Selma aliyewasimamia watu wake, aliondolewa mjini kwa amri ya askofu huyo mwaka uleule. Tujiulize waamini wake walijifunza nini siku ile kuhusu Kanisa lao.

Tunayaandika haya kwa sababu mjane mmoja alikuja kwetu miaka kadhaa iliyopita. Shemeji zake walikuwa wamemnyang'anya shamba. Alitaka kwenda baraza la kata na wanawake wenzake wa Jumuiya, wakae pale mlangoni bila kusema neno mpaka wasikilizwe. Tulimwambia asilete aibu katika ukoo, asubiri kwanza, tutazungumza na wazee. Tulizungumza nao, kwa heshima zote, tukanywa chai yao. Shamba bado wanalilima wao. Hakuna sahihi yetu katika tamko la Birmingham, lakini tungeliandika vizuri sana.

Askofu Durick aliumizwa na barua ile. Wengine katika wale wanane walibaki na uchungu kwa miaka mingi, wakiona wameonewa mbele ya historia. Yeye alikwenda njia nyingine. Alihamishiwa Nashville mwaka 1964, na huko akaanza kunena waziwazi dhidi ya ubaguzi wa rangi, hata baadhi ya Wakatoliki wake wakamchukia na kumtukana. Mwaka 1975 alijiuzulu uaskofu wa jimbo ili autumie muda wake wote kuwahudumia wafungwa.